Kukabwa Usingizini: Mkoromo, Pumzi na Ndoto

Kijitabu cha elimu ya afya kwa wananchi wa Makwale na kata jirani, Wilaya ya Kyela

Mtu anashtuka karibu na alfajiri, jasho linamtiririka, moyo unamwenda mbio. Ameota anakabwa koo, au anazama ziwani na hakuna wa kumshika mkono. Kumekucha, anakwenda shambani kwenye mpunga au kakao akiwa amechoka kana kwamba hakulala, na mchana akikaa kitako kidogo tu anasinzia. Mkewe ana habari ambayo yeye mwenyewe hana: usiku kucha alikuwa akikoroma, mara kimya, kisha anatweta kama mtu anayeibuka majini.

Kwetu Unyakyusa ndoto hii si ngeni. Kati ya mwaka 1934 na 1938 wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliishi na wazee wetu, na mwaka 1951 Monica alichapisha aliyoyasikia. Aliandika kwamba ndoto ya kukabwa, ya kukimbizwa, ya kupigana au ya kuruka angani ilichukuliwa kuwa ushahidi wa kushambuliwa na wachawi. Mtu akiamka ghafla usiku kwa hofu na jasho, alijua wamekuja kumkaba. Wazee walichokieleza walikiona kweli: hofu ile, jasho lile, koo lile. Hawakuwa na njia ya kujua kinachotokea ndani ya koo la mtu aliyelala. Leo njia hiyo ipo, na ni haki ya kila mwananchi kuijua kabla hajamnyooshea jirani kidole.

Kinachotokea kooni

Usingizi una hatua, na hatua hizo hujirudia takriban kila baada ya dakika 90. Mojawapo ni ile ambayo macho huchezacheza chini ya kope. Ilielezwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago, na madaktari wanaiita usingizi wa REM. Ndoto nyingi zilizo wazi, zenye watu na visa, huja wakati huo. Kwa mtu mzima huchukua kama robo ya usingizi wote, na vipindi vyake virefu zaidi huangukia mwishoni mwa usiku. Ndiyo maana ndoto nzito huja jogoo akikaribia kuwika.

Katika hatua hiyo ubongo huilegeza misuli ya mwili ili mtu asiinuke na kuitenda ndoto yake. Misuli ya macho hubaki ikifanya kazi, na kiwambo kilicho chini ya mapafu huendelea kuvuta hewa. Ulimi na kuta za koo, kwa upande wao, hulegea kuliko wakati mwingine wowote. Mwenye koo jembamba, shingo nene, tonsili kubwa au taya lililorudi nyuma hufikwa na hatari hapo: mapafu yanavuta, koo linajifunga, kama mpira laini wa maji unaonyonywa kwa nguvu ukabanana. Pumzi inakatika kwa sekunde 10, 20, wakati mwingine hata zaidi ya dakika. Oksijeni inashuka kwenye damu. Ubongo unapiga mbiu, mtu anashtuka nusu, koo linafunguka, hewa inaingia kwa kishindo. Kisha analala tena, na yote yanaanza upya.

Hii ndiyo apnia ya usingizi. Pumzi ikikatika au kupungua sana mara 5 au zaidi kwa saa, daktari huanza kuihesabu kuwa ugonjwa. Ikifika mara 30, ni kali. Wagonjwa wengi hali yao huwa mbaya zaidi katika usingizi wa ndoto, na wapo ambao pumzi hukatika katika hatua hiyo pekee.

Kwa nini wengine hawaoti kabisa

Koo linalojifunga hivyo linaweza kuingia ndotoni kama kukabwa, lakini usidhani kwamba mgonjwa lazima aote anakabwa. Wengi wenye apnia kali husema hawakumbuki ndoto yoyote, kwa kuwa kila usingizi wa REM unapoanza, pumzi inaukata. Wakianza matibabu, usiku wa kwanza kwanza ndoto hurudi kwa wingi na kwa nguvu, kwani mwili unalipa deni lake. Mgonjwa aliyeanza kutibiwa asiogope ndoto hizo wala asiache tiba kwa ajili yake.

Jinamizi ni jambo jingine. Hapo akili imeamka lakini ulegevu wa usingizi wa ndoto haujaondoka: unaona chumba, huwezi kusogea, kifua kinahisi uzito, pengine unaona mtu amesimama. Hupita baada ya muda mfupi, na pumzi haikatiki. Mwaka 1995, hofu ya zimwi liitwalo popobawa ilipoenea Unguja na Pemba hadi watu wakalala nje kwa makundi, baadhi ya watafiti walihusisha sehemu ya visa hivyo na hali hii. Usingizi unaokatwakatwa huikaribisha.

Chandarua hakina kosa

Wapo wanaoamka wakihema na kulaumu chandarua kwamba kimewaziba pumzi. Wanakiondoa. Katika bonde letu lenye joto na maji yaliyotuama, kufanya hivyo ni kujitafutia malaria bila kutibu lolote, kwa maana hewa hupita kwenye matundu ya chandarua. Kilichoziba ni koo. Lala ndani ya chandarua, tena kwa ubavu, kwa sababu ukilala chali ulimi unaangukia nyuma.

Kimpumu au gongo la jioni hulegeza koo hata zaidi. Dawa za usingizi zinaweza kufanya vivyo hivyo. Mwenye uzito mkubwa akipungua, mara nyingi na pumzi hupata nafuu. Mtoto anayekoroma kila usiku na kulala mdomo wazi apelekwe akaangaliwe tonsili. Dereva anayesinzia kwenye mteremko wa Tukuyu akielekea Kasumulu asimame. Anabeba roho za watu.

Anzia zahanati ya kijiji. Mgonjwa apimwe shinikizo la damu, kwani apnia hulipandisha, na malaria pia, kwa sababu jasho la usiku lina vyanzo vingi. Panapohitajika ataandikiwa rufaa ya Hospitali ya Wilaya Kyela au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Matibabu yapo. Mashine ya kusukuma hewa puani, iliyoelezwa na Colin Sullivan wa Sydney mwaka 1981, hulifanya koo libaki wazi usiku kucha, ingawa ni ghali na inahitaji umeme.

Mgonjwa hajisikii akikoroma, hivyo asiende peke yake. Wewe unayelala naye, mrekodi kwa simu usiku mmoja, kisha mfuatane zahanati na umweleze mganga ulichokisikia.