Video za Mtandaoni katika Kufundisha Kiingereza cha Kuzungumza: Mwongozo kwa Walimu wa Kidato cha Kwanza

Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali Tanzania husoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba. Akiingia kidato cha kwanza, karibu kila somo ni kwa Kiingereza. Kusoma anajikongoja, kinachomshinda ni kusikia na kusema. Video zitamfaa, mradi mdomo wake ufanye kazi kuliko macho yake.

Chagua kipande kisichozidi dakika moja, chenye watu wawili wanaozungumza: muuzaji na mnunuzi, daktari na mgonjwa. BBC Learning English na British Council wanavyo vya bure. Acha video za mtu anayeeleza sarufi ubaoni. Hizo humpumzisha mwalimu tu. Usishikilie lafudhi ya Uingereza peke yake, maana mwanafunzi huyu huenda akakutana na Mganda na Mhindi kabla ya mtu wa London.

Mara ya kwanza zima manukuu, kisha uliza: ni akina nani hawa, na wanataka nini? Manukuu yaje baadaye, kwa kuhakikisha tu. Yale yanayotolewa na mashine hukosea, hivyo yapitie mapema. Mazungumzo yakienda mbio, punguza kasi ya YouTube hadi 0.75, chini ya hapo sauti huharibika.

Muda mwingi utumie kwenye mkazo. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mwanafunzi huuhamishia hukohuko. Msikilizishe *photograph*, *photographer* na *photographic*: mkazo unahama kila mara. Halafu *I can come* na *I can't come*. Katika sentensi ya kwanza, *can* humezwa karibu yote. Anayeitamka kwa uzito anaweza kueleweka kuwa amekataa. Kanuni ya ubaoni haitoshi hapa. Wanafunzi waseme sambamba na sauti ya video, sentensi moja moja, mpaka mapigo yalingane. Kisha zima sauti, picha iendelee, wawili wawili wajaze maneno. Mwisho badilisha hali: muuzaji hana chenji, au mgonjwa amesahau jina la dawa.

Projekta si lazima. Simu ya mwalimu na spika ndogo vinatosha, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hii ni ya masikio. Pakua video mapema pale inaporuhusiwa, bando lisikatike katikati ya kipindi, na uitazame yote kwanza.

Katika kupima, usiulize maswali kuhusu yaliyomo kwenye video. Rekodi kila jozi ikizungumza mwanzoni mwa muhula na tena mwishoni, wasikilize wenyewe tofauti, kisha futa. Darasa likiwa na wanafunzi themanini, rekodi jozi chache kila wiki wengine wakiendelea na mazoezi.