SIKU SABA ZA KUNGOJA
Somo la familia: Mambo ya Walawi 15:13, 1 Wakorintho 7:1-5

Somo la leo wengi wetu tunaona haya kulisema kanisani. Lakini ugonjwa hauna haya, nao unaingia hata katika nyumba za waamini.

Ndugu mmoja ameturuhusu tueleze habari yake bila jina. Alitibiwa kisonono. Siku ya tatu usaha ukakoma, akamshukuru Mungu, akarudi kwa mkewe kama kawaida, wala hakumwambia neno. Baada ya majuma machache mama akaanza kuumwa tumbo la chini, na baba usaha ukamrudia. Akasema dawa ilikuwa mbovu. Sivyo. Aliharakisha, tena alinyamaza.

Tuelewe jambo hili: dalili kuisha si ugonjwa kuisha. Mtu hujisikia mzima huku vijidudu vingine vingali hai mwilini. Kwa hiyo wauguzi hufundisha hivi:

1. Ukipewa vidonge vya siku saba, vimalize vyote, wala usigawane na mwenzako.

2. Ukipewa sindano au dawa ya kumeza mara moja tu, bado ngoja siku saba kabla ya kukutana kimwili.

3. Mwenzako naye atibiwe, hata kama hana dalili. Wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawasikii chochote. Siku saba zihesabiwe tangu yule wa mwisho alipoanza dawa.

4. Kwa kaswende, ngojeni mpaka vidonda vipone kabisa, na mrudi kupimwa damu.

5. Dalili zikibaki, rudi kwa muuguzi. Siku hizi kuna kisonono kinachoshinda baadhi ya dawa. Pima na VVU pia, maana magonjwa haya huvifungulia mlango.

Tusipofanya hivyo, wanaoumia ni wengi. Mama anaweza kukosa uzazi. Mtoto anayezaliwa na mama mwenye kisonono anaweza kuugua macho hata kupofuka.

Katika Walawi, mwanamume aliyepona kutokwa kwake alihesabu siku saba. Ile ilikuwa sheria ya utakaso, si agizo la daktari. Hata hivyo inatukumbusha kwamba aliyepona naye ana siku za kungoja. Mtume Paulo anawaruhusu mume na mke kujizuia kwa muda, lakini kwa kupatana. Nawe utapatanaje na mtu uliyemficha?

Tunajua hofu iliyopo. Baba anaogopa aibu, mama anaogopa kufukuzwa. Hapa ukimbizini nyumba ikivunjika, ukoo wa kukimbilia uko mbali, ng'ambo ya Mpondwe. Msibebe peke yenu. Mwombeni muuguzi, au mchungaji na mkewe, akae nanyi mnapoambiana. Siri yenu itatunzwa. Nendeni wote wawili kituo cha afya cha Rukoki, au hospitali ya Bwera mlio upande ule. Uganda ilifuta malipo katika vituo vya serikali mwaka 2001.

Ndugu yule mwishowe alimwambia mkewe. Mama alilia, akakasirika siku nyingi. Kisha wakaenda pamoja, wakatibiwa pamoja, wakangoja pamoja. Leo wote ni wazima.

Swali la vikundi: Ni nini kinachotuzuia kuambiana ukweli nyumbani?

Bwana azilinde ndoa zenu.