SOMO LETU: DAWA YA SELIMUNDU, TUPIME PANDE ZOTE MBILI



Mama mmoja aliniambia, "Dada, daktari amempa kijana wangu dawa ya kansa. Na kansa hana! Mimi sitampa." Kijana ana selimundu, ile wengi huita sikoseli. Dawa ilikuwa bado kwenye mfuko, haijafunguliwa.

Ugonjwa wenyewe
Mtoto huzaliwa nao, akiwa ameurithi kwa baba na kwa mama. Si kurogwa. Chembe nyekundu za damu hujipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Ndiyo maana mtoto analia mifupa na kuishiwa damu.

Faida za dawa
Inaitwa haidroksiyurea. Ni kweli, hutumika kwa kansa pia. Lakini hapa husaidia mwili kutengeneza damu kama ile ya mtoto mchanga, ambayo haijipindi ovyo. Haiponyi, inapunguza shida. Watoto 606 walipewa dawa hii katika utafiti uliofanywa Kilifi, Uganda, Kongo na Angola. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018: maumivu, kuongezewa damu, malaria na vifo, vyote vilipungua.

Hatari zake
Inaweza kushusha chembe nyeupe, zile askari wa mwili. Kwa hiyo damu hupimwa kabla ya kuanza, na tena mara kwa mara. Inaweza kudhuru mimba, na kupunguza mbegu za mwanamume. Usimgawie mgonjwa mwingine, wala usiongeze kipimo mwenyewe. Mtoto akipata homa, mkimbize hospitali.

Mizani
Mizani ya sokoni ina pande mbili. Huyu mama alipima hatari ya dawa tu. Upande wa pili, yaani kukaa bila dawa, hakuutazama. Huko kuna maumivu, kiharusi, hata kifo. Tulirudi naye kwa daktari, akauliza yote, na kijana akaanza dawa. Sasa kinachomsumbua ni nauli na pesa za kupima damu. Akikosa kupima, ile hatari aliyoiogopa inarudi mlangoni.

Jadilini katika kikundi
1. Hapa kwetu nani ana mtoto wa selimundu, na je, yuko huru kusema?
2. Ni maswali gani tumuulize daktari kabla ya kukubali au kukataa dawa?
3. Kikundi kinaweza kuweka kando shilingi ngapi kila mwezi kwa kupima damu?

Andikeni jibu la swali la tatu kwenye kitabu cha kikundi kabla hamjaachana.