Kovu la BCG laweza kukuchanganya unapopimwa TB

Tazama mkono wako. Huenda una kovu dogo la BCG, chanjo ya kifua kikuu ambayo watoto wetu hudungwa punde wanapozaliwa. Je, ukipimwa TB kwa sindano ya ngozini na mahali hapo pavimbe, umeambukizwa ama ni chanjo tu? Kipimo hicho hushindwa kutofautisha.

Ili kuelewa jinsi ya kuutatua utata huu, ni lazima tulinganishe jenomu, yaani maagizo yote ya urithi aliyo nayo kiumbe. Maagizo hayo huandikwa kwa herufi nne: A, C, G na T. Bakteria wa TB ana herufi zipatazo milioni 4.4, ambazo zilichapishwa mwaka 1998. Macho matupu hayawezi kuzilinganisha.

Hapa ndipo kompyuta inaposaidia. Programu iitwayo Artemis Comparison Tool, iliyoundwa katika taasisi ya Sanger, Uingereza, hupanga jenomu mbili moja juu ya nyingine kama reli. Sehemu zinazofanana huunganishwa kwa mikanda myekundu, na zilizogeuka kinyume kwa mikanda ya buluu. Penye upungufu hubaki pengo.

Bakteria wa TB akiwekwa juu na BCG chini, moja kati ya mapengo yanayoonekana ni la herufi 9,500 hivi, liitwalo RD1. Lilitambuliwa maabarani katika miaka ya 1990. BCG ilitokana na bakteria wa TB ya ng'ombe, ambaye Albert Calmette na Camille Guérin wa Ufaransa walimkuza tena na tena kuanzia 1908 hadi 1921, akapoteza ukali wake. Sehemu ya RD1 ilipotea katika safari hiyo.

Sehemu hiyo ndiyo hutengeneza protini za ESAT-6 na CFP-10. Kipimo cha damu huchunguza iwapo kinga ya mwili wako imewahi kukutana nazo. Chanjo haina protini hizo, kwa hivyo haikipotoshi kipimo hiki.

Hata hivyo, kipimo cha damu hakiwezi kutofautisha bakteria aliyelala mwilini na ugonjwa wenyewe. Usilifanye kovu kuwa ngao pia: BCG huwakinga hasa watoto wadogo dhidi ya TB kali. Ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, nenda kituo cha afya makohozi yako yapimwe.