Hesabu za nyumbani: Mzazi achague mtaala upi?

Baada ya darsa moja ya Jumapili hapa Tarime mjini, mama mmoja alinisubiri nje ya mlango wa madrasa na watoto wake watatu. Akanambia: "Ustadh, nataka wanangu niwasomeshe mwenyewe nyumbani. Qur'an na Kiswahili naviweza. Hesabu ndiyo sijui nitumie vitabu vya wapi."

Swali lake lina uzito kuliko linavyosikika. Sisi tunaoishi mpakani tuna njia tatu mbele yetu. Kuna vitabu vya Hisabati vya Taasisi ya Elimu Tanzania, vilivyoandikwa kwa Kiswahili. Kuna vile vinavyotumika katika shule zetu za mchepuo wa Kiingereza. Kisha ukivuka tu pale Sirari ukaingia Isebania, unakuta vitabu vya Kenya, vyenye picha nzuri na karatasi safi, vya mtaala wao mpya walioanza kuutumia nchi nzima mwaka 2019. Mzazi anasimama katikati na fedha yake kidogo mkononi, hajui aende wapi.

Kabla ya vitabu, nilimwambia jambo ambalo hakulipenda. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe shule mtoto aliyefikisha miaka 7 na ahakikishe anahudhuria. Mtoto wa sekondari aliye nje ya shule ana njia ya Mtihani wa Maarifa, lakini wa shule ya msingi hana mlango kama huo. Kwa hiyo hapa kwetu kusomesha nyumbani maana yake ni jioni, mwisho wa wiki na likizo. Mtoto aende shule, na nyumbani akute shule ya pili. Wala hiyo si kazi ndogo! Miaka mingi sasa, wanaofaulu Hisabati kidato cha nne katika nchi hii hawafiki nusu ya watahiniwa. Anayedhani darasa peke yake litamtosha mwanawe atazame hilo.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Nitasema kosa langu mwenyewe ili wengine wasilirudie. Binti yangu alipokuwa darasa la tatu, katika shule inayofundisha kwa Kiswahili, nilivuka mpaka nikamnunulia vitabu vya Kiingereza. Nilijiona mzazi wa kisasa. Baada ya muhula mmoja alikuwa anaweza kuimba jedwali la kuzidisha kwa Kiingereza kama kasuku, lakini nikimuuliza robo tatu ya ng'ombe 40 ni wangapi, ananikodolea macho. Bei za kwenye mazoezi zilikuwa za shilingi ya Kenya, penseli ya shilingi 10, naye dukani kwetu hajawahi kuona kitu cha shilingi 10. Mada nazo zilikuja kwa mpangilio mwingine: shuleni wako kwenye kugawanya, nyumbani tuko kwenye vipimo. Mtoto akawa na walimu wawili wanaobishana ndani ya kichwa chake. Vitabu havikuwa vibaya. Mimi ndiye niliyekosea.

Tangu hapo ushauri wangu ni mmoja: fuata mtaala ambao mtoto atatahiniwa nao, na katika lugha ambayo anafundishwa shuleni. Huo uwe uti wa mgongo. Vingine viwe mazoezi ya ziada, tena baada ya mada kueleweka. Kama yuko shule ya Kiswahili, mwache aelewe kwa Kiswahili kwanza. Kiingereza cha sekondari kinakuja, na darasa la sita au la saba unaweza kuanza kumzoesha majina, lakini usimfundishe mzigo na njia kwa siku moja.

Halafu mtazame mwaka wa kitabu. Mtaala mpya ulianza kutumika mwaka 2024, ukianzia madarasa machache, na ndani yake elimu ya msingi inakuwa ya miaka 6 badala ya 7. Ndugu yangu wa Mugumu au Nyamongo, kile kitabu cha kaka mtu ulichokihifadhi kabatini huenda hakimfai mdogo wake. Vitabu vya Taasisi ya Elimu vinaweza kusomwa bure katika maktaba yao ya mtandao, hivyo mwenye simu asitupe fedha kabla ya kuangalia.

Lakini mtaala ni nusu ya jambo. Nusu ya pili sisi Waislamu tunayo nyumbani na tumeiacha. Niliwahi kukaa katika kikao cha mirathi. Watu wazima wanne, wawili wana vyeti vya kidato cha nne, na hakuna hata mmoja aliyeweza kujumlisha thumuni na thuluthi mbili. Mabinti wa marehemu walikuwa wanaitikia tu kwa kichwa kila wanachoambiwa. Hivi mtu asiyejua kuhesabu fungu lake atajuaje kama amedhulumiwa?

Mafungu ya mirathi katika Suratun-Nisaa ni sita: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Hiyo ni mada ya sehemu nzima! Hata lugha inatusaidia. Namba ya chini ya sehemu, Hisabati yetu ya Kiswahili inaiita asili, na wanazuoni wa mirathi nao wanaiita namba wanayoanzia kugawa asili ya mas-ala. Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad zama za Khalifa Al-Ma'mun katika karne ya 9, na ambaye kitabu chake ndicho kilichoipa aljebra jina, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa hesabu za wasia na mirathi.

Nilimpa yule mama mas-ala mashuhuri, ambayo inapokewa kwamba Sayyidna Ali (r.a.) aliulizwa akiwa juu ya mimbari akaijibu papo hapo. Mtu amekufa, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumuni, mabinti thuluthi mbili, baba sudusi, mama sudusi. Kigawe kidogo cha shirika ni 24. Mke 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Jumlisha: 27! Mafungu yamezidi asili. Wanazuoni walio wengi hufanya 27 ndiyo asili mpya, kila mmoja akapungukiwa kwa uwiano, na thumuni ya mke ikawa sehemu moja ya 9. Kama marehemu ameacha ng'ombe 54, mke anapata 6, mabinti 32, baba 8, mama 8.

Kwa wadogo, anza na zaka ya mifugo, maana watoto wa Tarime na Serengeti ng'ombe wanawajua kuliko wanavyojua machungwa ya kwenye kitabu. Ng'ombe wa malisho wakifika 30 na mwaka ukapita, hutolewa ndama wa mwaka mmoja. Wakifika 40, mtamba wa miaka miwili. Sasa muulize: mwenye 70 je? Atakwambia 30 na 40, mmoja mmoja. Mwenye 120? Hapo atagundua mwenyewe kuwa majibu ni mawili, ndama wanne au mitamba watatu. Tumieni visoda au kete za bao.

Baada ya wiki kadhaa mama alirudi na kijana wake mkubwa. Alikuwa ameibadilisha ile mas-ala, ng'ombe wakawa 60. "Ustadh, kila fungu linapata wawili, wanabaki sita. Tuwafanyeje?" Nikamwambia wauzwe. Akauliza kwa bei gani. Tukasema laki 9 kila mmoja. Akainama kwenye daftari, akaja na milioni 5 na laki 4, akagawa kwa 27, akapata laki 2 kwa kila fungu. Mjane, akasema, ana ng'ombe 6 na shilingi 600,000. Kisha akaanza kukokotoa za mabinti.