Adhuhuri Ikitukuta Mlimani

Masika tulipanda na wazazi wetu kwenda Morningside, milima ya Uluguru. Adhuhuri ikatukuta njiani. Mdogo wetu akauliza: "Tupunguze swala?" Hapana. Kutoka Morogoro mjini ni kilomita chache tu, na masafa ya kupunguza swala ni kama kilomita 80. Tukaswali rakaa nne. Wala hatukutayamamu, maji ya mto yalikuwepo (baridi kweli kweli!).

Zito zaidi ni kujisaidia. Mtume (S.A.W.) amekataza kujisaidia penye maji, njiani na kivulini wanapopumzika watu. Mto Morogoro huingia Ngerengere, nao Ngerengere huingia Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Basi tulikwenda mbali na mto, tukachimba na kufukia. Hata mti wenye kivuli kizuri, mama alituambia tuupite.