Mkimbizi Yupi Apokelewe Kwanza?



Vijana wenzangu, nikiwa likizo nyumbani Kigoma nilihudhuria kikao cha vijana wa parokia, na mjadala ulipamba moto kweli kweli. Mmoja wetu alileta habari ya Marekani. Januari 2025 nchi ile ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Sisi wa Kigoma habari hiyo ilitugusa, maana katika kambi ya Nyarugusu, iliyoko Kasulu tangu 1996, kuna Wakongo waliokuwa wakiisubiri safari hiyo kwa miaka. Halafu mwezi Mei mwaka huohuo, Marekani ikawapokea Wazungu wapatao 59 kutoka Afrika Kusini kama wakimbizi.

Hapo kelele zikaanza. Huyu anasema huo ni ubaguzi mtupu. Yule anasema nchi ni yao, wachague wamtakaye. Wa tatu akasema: "Mimi naona wangechukua Wakristo kwanza, wa dini nyingine waende kwa wenzao." Wengi wakatikisa kichwa kukubali. Kisha wote wakanigeukia: "Frateri, wewe umesoma falsafa. Tuambie."

Nilijibu kidogo siku ile. Leo nijibu vizuri zaidi.

Upendo una mpangilio

Tuanze na ukweli mmoja: si kosa kumpenda mama yako kuliko mtu usiyemjua. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa Theologiae, anafundisha kwamba upendo una mpangilio, na walio karibu nasi wana haki ya pekee kwetu. Mwanzoni mwa 2025 Makamu wa Rais wa Marekani, J. D. Vance, ambaye ni Mkatoliki, alitumia hoja hiyo: familia kwanza, kisha jirani, kisha jumuiya yako, kisha wananchi wenzako, na baadaye ndipo dunia nzima.

Hoja hiyo si ya kupuuza. Lakini Thomas hakuishia hapo. Mbele kidogo katika kitabu hichohicho anauliza tumtendee nani mema kwanza. Anajibu kwamba ipo hali ambapo unapaswa kumsaidia mgeni aliye katika shida ya kufa na kupona kabla hata ya baba yako mzazi, ikiwa baba hana shida kubwa namna hiyo. Umeona? Ukaribu una uzito, lakini shida kubwa inaweza kubadilisha foleni.

Februari 2025 hayati Papa Fransisko aliwaandikia maaskofu wa Marekani, na alipoutaja mpangilio huo wa upendo aliwarudisha kwenye mfano wa Msamaria mwema (Lk 10:25-37). Mle ndani, aliyelala barabarani haulizwi kabila wala dini. Majeraha yake yanatosha.

Na nchi je, haina haki?

Inayo. Katekisimu (na. 2241) inasema mataifa yenye uwezo yanapaswa kumpokea mgeni kadiri yawezavyo, na serikali inaweza kuweka masharti kwa ajili ya manufaa ya wote. Mgeni naye ana wajibu wa kutii sheria na kuheshimu nchi iliyompokea. Kwa hiyo kuchagua si dhambi kwa kuwa tu ni kuchagua, maana hakuna nchi inayoweza kuwapokea wote. Swali ni moja: tunachagua kwa kipimo gani? Nani yuko hatarini zaidi, au nani anafanana na sisi?

Aprili 2016 Papa Fransisko alikwenda kisiwa cha Lesbos, Ugiriki, akarudi Roma na Wasiria 12 kwenye ndege yake. Wote walikuwa Waislamu. Na tukumbuke kwamba Yesu mwenyewe alikimbiziwa Misri (Mt 2:13-15), nchi ambayo wengi wake hawakumwabudu Mungu wa Israeli. Kama Misri ingesema "wa dini yetu kwanza", Familia Takatifu ingekwenda wapi?

Nikiri jambo

Nisijifanye mwalimu tu. Katika mwaka wangu wa kichungaji, vijana wa parokia moja walichanga mablanketi 20 kwa ajili ya wakimbizi, nikakabidhiwa kuyagawa. Mimi nikaona njia rahisi: niite wanakwaya na wale ninaowaona Misani. Yalipobaki mawili, akaja mama mmoja na mtoto mgongoni. Nikamwambia haya ni ya Wakatoliki. Akanitazama, akasema kwa upole: "Frateri, baridi inauliza dini?"

Nilimpa moja. Lakini jamani, nilimpa kwa aibu, si kwa upendo. Na nilipotazama orodha yangu, niliwaona watu wawili waliokuwa na mablanketi mazuri tayari. Walipata kwa sababu nilijua majina yao. Kwa hiyo ninapoisema Marekani, najua kwamba orodha kama ile niliwahi kuiandika kwa mkono wangu.

Ya kutafakari wiki hii

1. Ninapotoa msaada, naanza na mwenye shida zaidi au na ninayemfahamu?
2. Nina jina gani la dharau kwa Warundi au Wakongo wanaoishi kwetu? Niko tayari kuliacha?
3. Mkimbizi akifika mtaani kwetu leo, swali langu la kwanza kwake litakuwa lipi?

Tusali

Ee Yesu, uliyebebwa usiku ukikimbia upanga wa Herode, tusamehe pale tulipowapanga watu kwa sura na dini. Wape viongozi wetu hekima ya kuchagua kwa haki. Nasi utupe macho ya kuona shida kabla ya kuuliza jina. Amina.

Tuombeane, wapendwa.